Begi la dharura: anza na tochi tu

Jamani, kama begi la dharura mlilipanga kwa ari kisha likasahauliwa uvunguni, msilianze upya lote. Mimi jana nimefungua tochi tu. Betri zimevuja, ungaunga mweupe umeganda kwenye springi. Nimezitupa, nikasugua kwa kitambaa chenye siki, nikaiacha ikauke. Betri mpya nimezitia kwenye kikopo chenye mfuniko, ndani ya tochi hazikai tena. Leo zamu ya dumu la maji: ya zamani nimemwagilia mchicha, nimelisuuza, nimejaza. Sisi wa Unguja tuliokaa kizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, twajua umeme ukikatika na pampu hunyamaza. Kesho vyeti vya watoto, kabla masika hayajaanza kuvujisha bati.