SOMO: Kuchora antena fupi ya mnara, 900 na 1800 kasha moja

Wadau wa kusini, kila kasha unaloongeza mnarani ni mzigo mwingine wa upepo, na kusi ya Mtwara mnaijua. Tubane bendi mbili za simu, megahezi 900 na 1800, kasha moja.

Hatua 1. Gawa 300 kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. 900 ni sm 33. 1800 ni karibu sm 17. Dipoli, yaani vijiti viwili vya metali vinavyorusha wimbi, ni nusu yake, pungufu kidogo.

Hatua 2. Pishanisha dipoli mbili kama msalaba, kila moja nyuzi 45. Bati la nyuma likae robo ya wimbi: sm 8 kwa 900, sm 4 kwa 1800.

Hatua 3. Nafasi kati ya elementi, yaani hiyo misalaba ikipangwa mmoja juu ya mwingine. Hapa ndipo wengi huharibu. Mimi huanzia 0.8 ya wimbi, yaani sm 27 kwa 900. Ukikaribia wimbi zima, mwale wa pili unachomoza kuelekea angani, nguvu inapotea bure. Ukiinamisha mwale mkuu, huo wa pili unawahi zaidi.

Hatua 4. 1800 ni mara mbili ya 900, kwa hiyo nafasi yake ni nusu: sm 13.5. Kila elementi ya 900 inabeba mbili za 1800: moja ndani ya pete yake (mikono ya msalaba wa 900 hutengenezwa izunguke kama pete), nyingine katikati ya pete na pete.

Hatua 5. Pima utengano wa milango, yaani mawimbi ya mlango mmoja wa kebo yasivujie mwingine. Lenga desibeli 30. Ikikosa, simamisha vijikuta vya bati kati ya elementi.

MASWALI

*Mkuu, nikiweka sm 15 kwa 900 si itakuwa fupi zaidi?*
Itakuwa. Ila elementi zitaingiliana, na mwale utanenepa, maana wembamba wake unatokana na urefu wa safu. Hakuna ujanja hapo.

*Niko Newala, mnara uko ukingoni, bondeni hawapati. Niinamishe kasha?*
Anza na tilti ya umeme, yaani kuinamisha mwale bila kuinamisha kasha, ndugu yangu. Inachelewesha fezi (mpigo wa wimbi) ya kila elementi kuliko ya ile iliyo juu yake, mwale unashuka mbele na pembeni. Kasha likiinama, pembeni haushuki. Ukiuacha mlalo, unapita juu ya bonde la Ruvuma na kuhudumia Msumbiji.

*Lindi, karibu na bahari: skrubu za chuma kwenye alumini?*
Usithubutu. Chumvi italeta kutu, na kiungo chenye kutu huchanganya masafa unayorusha na kuzaa mengine, yanayoweza kuangukia kwenye yale ya kupokea. Punguza viungo, lehemu panapowezekana.