Kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli: njia ya Kilema hadi Kibo

Si kila njia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inaruhusu baiskeli. Anayetaka kufika Kibo kwa magurudumu hupita Kilema, upande wa kusini-mashariki. Ni barabara ya udongo na mawe inayotumiwa pia na magari ya hifadhi kupeleka mahitaji na kushusha wagonjwa. Inapita msituni, inatokea kwenye vichaka vya nyanda za juu, inafika kambi ya Horombo (mita 3,720), kisha unavuka uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo hadi vibanda vya Kibo, mita 4,720. Hapo baiskeli inaishia. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, unakifuata kwa miguu.

Waendesha baiskeli wazuri hushindwa njia hii, na mara chache huwa ni kwa sababu ya miguu. Kinachowarudisha ni pumzi wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka. Hayo mawili ndiyo ya kujiandaa nayo kuliko kitu kingine chochote.

Vibali na wakati

Huwezi kuingia peke yako. Lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na taratibu zote hupitia kampuni ya utalii iliyosajiliwa. Mwambie wakala tangu mwanzo kwamba unakwenda na baiskeli na kwamba njia ni Kilema, ili iandikwe hivyo kwenye kibali. Ukifika getini na kibali cha njia ya Marangu, ya watembea kwa miguu, baiskeli itabaki kwenye gari. Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu. Uliza pia kama mwongozaji wako mwenyewe ataendesha au atatembea, maana mwongozaji anayetembea hawezi kukufuata kwenye mteremko, na kundi halipaswi kuachana.

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Julai hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Aprili na Mei usiende. Udongo wa msituni ukilowa hugeuka utelezi, hujaa kati ya tairi na fremu, na padi za breki huisha kwa kasi ya kutisha.

Baiskeli yenyewe

Chukua baiskeli ya mlimani yenye breki za diski za mafuta, diski ya milimita 180 au zaidi mbele, na tairi pana, kama inchi 2.4. Gia ndogo ni ya lazima. Sprocketi ya mbele yenye meno 28 ikiunganishwa na ya nyuma yenye 51, kwenye gurudumu la inchi 29, ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika unakwenda takriban kilomita 4.5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtembea kwa miguu, na ndio unaoutaka. Ukibaki na meno 34 mbele utalazimika kukanyaga kwa nguvu, na juu ya mita 3,500 kila kukanyaga kwa nguvu hukugharimu dakika nzima ya kuhema.

Padi ziwe mpya, za aina yenye chembe za chuma. Zile laini huliwa upesi na mchanga wa volkano. Lakini padi mpya hazishiki mpaka zizoeshwe: ukiwa Moshi, endesha mpaka kilomita 20 hivi kwa saa, funga breki polepole hadi karibu kusimama, achia, rudia mara 20 kwa kila gurudumu. Beba jozi nyingine mbili. Hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa mafuta hutanuka kadiri unavyopanda, na kishikio cha breki ambacho mjini kilionekana kulegea kidogo tu kinaweza kugusa usukani ukiwa juu. Mwambie fundi atoe hewa yote kabla ya safari.

Upepo wa tairi unahitaji maelezo kidogo, kwa sababu wengi hushangaa. Kibo kanieneo la hewa (mgandamizo wake) ni chini ya asilimia 60 ya lile la pwani. Tairi uliyoijaza psi 25 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) Moshi itasoma kama 28 ukiifikisha Kibo, hata baada ya baridi kupunguza kidogo. Utaihisi ngumu, inarukaruka juu ya changarawe, na utashawishika kuitoa upepo. Itoe, hakuna ubaya, mchanga wa uwanda ule unapenda tairi laini. Ila kumbuka kwamba ukiiacha psi 25 Kibo, ukifika getini itakuwa imebaki kama 21 au 22, na jiwe la kwanza lenye ncha litagonga rimu. Ongeza upepo ukiwa Horombo, kabla ya mteremko mrefu.

Pampu ya mkono nayo inavuta hewa nyembamba. Kazi iliyohitaji mipigo 100 Moshi, Kibo itahitaji kama 160, na wewe mwenyewe huna pumzi. Kwa hiyo hata kama tairi zako hazina tyubu, beba tyubu mbili: kukalisha tairi kwenye rimu kwa pampu ya mkono kule juu ni kazi ambayo karibu kila mtu huiacha njiani. Ongeza kiungo cha mnyororo, kiango cha gia (kipande kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma) kinacholingana na fremu yako, spoku mbili, viraka na kifungua mnyororo. Solusheni ya kiraka hukauka polepole kwenye baridi. Iweke mfukoni karibu na mwili kwa nusu saa kabla ya kuitumia.

Siku za kupanda

Ubaya wa Kilema ni kwamba inakupandisha zaidi ya mita 1,500 mpaka kitanda cha kwanza. Kanuni inayofahamika ni kwamba juu ya mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kwenda moja kwa moja hadi Horombo kunaivunja vibaya. Dawa yake ni siku. Lala Horombo usiku mitatu, si mmoja. Siku ya pili usifanye kitu zaidi ya kutembea kidogo. Siku ya tatu sukuma baiskeli mpaka mita 4,000 na ushei, ukae saa moja, urudi kulala. Aliye na muda zaidi apande Mlima Meru kwanza na kulala kwenye vibanda vya Miriakamba (mita 2,514) na Saddle (mita 3,570). Mwili utakuwa umekwisha kuzoea. Watu wengi hutumia acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini hilo ni la daktari kukuandikia, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Endesha kwa pumzi ya pua. Ukilazimika kufungua mdomo, punguza. Ukishindwa kupunguza, shuka usukume. Shuka mapema, kabla mapigo ya moyo hayajapanda, kwa sababu juu ya Horombo moyo ukishapanda hautulii haraka. Kusukuma si aibu: kipande cha mwisho kabla ya Kibo karibu kila mtu hukisukuma.

Maji ni lita tatu hadi nne kwa siku. Kibo hakuna chanzo cha maji, yote hupandishwa na wapagazi, kwa hiyo jaza chupa zote mapema. Mrija wa mfuko wa maji huganda alfajiri. Kila ukinywa, puliza maji yarudi ndani. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Baiskeli ya kilo 14 ni mzigo kamili kwa namna inavyomsumbua mtu mgongoni, hivyo lipia mpagazi wa ziada, usimwongezee juu ya begi.

Anayeumwa asiendeshe

Maumivu ya kichwa na kukosa hamu ya kula ni dalili za kusimama palepale ulipo, usipande. Mtu akianza kuyumba, kuchanganya maneno, au kuhema akiwa amelala, ni hatari ya kufa na anashuka sasa hivi, hata kama ni usiku. Kila jioni mpime kila mtu: atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Baiskeli huficha dalili hii, maana anayeyumba kwenye changarawe hudhaniwa amechoka. Na aliyeshindwa kipimo hicho asipandishwe kwenye baiskeli ili “ashuke haraka”. Anashuka kwa miguu akiwa ameshikwa, kwa machela, au kwa gari kuanzia Horombo.

Kushuka

Ukirudi Kibo kutoka kileleni umekesha usiku mzima. Kula, lala angalau saa mbili, ndipo uguse baiskeli. Siku hiyo ishia Horombo. Ajali nyingi za kuepukika hutokea pale mtu anapotaka kuunganisha kilele na geti siku moja.

Asubuhi ya mwisho angalia unene wa padi. Ikiwa chini ya milimita moja, badilisha. Vaa koti la upepo na glavu kabla ya kuanza, kwa sababu vidole vikishakufa ganzi huwezi kupima breki. Usikokote breki mfululizo. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa kwenye kipande kilichonyooka, na simama kila baada ya dakika kumi. Ukisikia harufu ya kuungua, au kishikio kikaanza kuzama, ngoja diski ipoe yenyewe. Kuimwagia maji huipinda.

Juu ya Horombo njia ni ya wote. Mpagazi mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Simama, weka mguu chini, mwache apite. Machela ikitokea, toka njiani kabisa. Chini ya Horombo kila kona isiyoonekana ichukulie kwamba kuna gari linapanda, na kwenye msitu ambako mizizi hubaki na unyevu hata kiangazi, vuka ukiwa umeachia breki ya mbele.