Jinsi ya kuchagua modeli ya mwaka gani unaponunua Porsche 911 Carrera 3.2

Carrera 3.2 ilitoka kuanzia modeli ya 1984 hadi ya 1989, na kwa nje zote ni kama pacha. Ndiyo maana watu wengi hulipia mwaka bila kujua wanalipia nini. Mimi nimekuwa nikiyafungua na kuyafunga magari haya kwa miaka, na swali linalonifikia ni lile lile: nisubiri nipate ya 1987, au hata ya miaka ya kabla yake inafaa? Mzizi wa swali hilo ni giaboksi, iliyobadilishwa kuanzia modeli ya 1987. Lakini twende kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Hakikisha mwaka wenyewe

Kadi ya gari inaonyesha lilisajiliwa lini. Mwaka wa modeli ni jambo jingine: gari lililoundwa Oktoba 1986 ni modeli ya 1987, na modeli ya 1986 iliyokosa mnunuzi mapema inaweza kusajiliwa 1987.

Inua zulia la buti ya mbele, usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati. Ina herufi na tarakimu 17. Hesabu mpaka ya 10: E ni 1984, F 1985, G 1986, H 1987, J 1988, K 1989. Herufi I imerukwa kwa kuwa inafanana na 1.

Niliwahi kusafiri siku nzima kwenda kuona gari lililotangazwa kuwa la 1987. Nikafungua buti, nikamulika tochi: G. Mwenye gari hakuwa tapeli, kadi yake ilisema 1987 naye aliiamini. Siku hizi naomba picha ya namba hiyo kabla sijatoka nyumbani.

Kipimo kingine cha haraka ni mchoro ulio juu ya kirungu cha gia. Rivasi ikiwa kulia chini, giaboksi ni 915, ya 1984 hadi 1986. Ikiwa kushoto juu, jirani na namba moja, ni G50, iliyokuja na modeli ya 1987.

Hatua ya 2: Ijaribu giaboksi, ikiwa baridi na ikiwa moto

Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini mwenyewe uhakikishe ni baridi.

Kwenye 915, kutoka namba moja kwenda mbili kukiwa na baridi kutakuwa kugumu kidogo. Hiyo ni tabia yake. Usisukume kwa nguvu: toa namba moja, tua kidogo kwenye nyutro, kisha ingiza mbili. Oili ikishapata moto, shuka kutoka tatu kwenda mbili kwa mwendo wa wastani. Ikisaga meno hapo, pete za sinkro, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zimekwisha. Halafu weka mbili, kanyaga mafuta, uachie ghafla. Gia ikichomoka yenyewe, jua giaboksi itafunguliwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Lakini gia ikiwa inatafutwa tafutwa tu, mkono unayumba na haujui njia, kagua kwanza bushi za mkono wa gia. Ni vitu vidogo vya plastiki vinavyolika. Inaniuma kuona giaboksi nzima ikishushwa kwa sababu ya bushi.

G50 inaingia laini hata kwa mgeni, na klachi yake ni ya mafuta badala ya waya. Kwa gari la kuendesha kila siku, tofauti hiyo utaisikia kila unapobadili gia.

Hatua ya 3: Injini

Hapa mwaka hauna uzito. Zote ni sentimita za ujazo 3,164, na zote zina vikaza cheni (vifaa vinavyozuia cheni za ndani ya injini zisilegee) vinavyolishwa oili kwa presha, kitu ambacho 911 SC iliyotangulia haikuwa nacho. Zilizouzwa Ulaya zina nguvu farasi 231. Za Marekani zilianza na 207, zikapanda hadi 217 kuanzia 1987.

Wingu dogo la moshi gari linapowashwa baada ya kulala siku kadhaa lisikutishe. Moshi wa bluu unaotoka unapokanyaga mafuta baada ya kuacha injini ingurume ndio wa kuogopa: mara nyingi ni bushi zinazoongoza valvu. Oili nayo ipimwe injini ikiwa moto, inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Anayepima ikiwa baridi huona imepungua, akaongeza, ikafurika.

Hatua ya 4: Kutu

Bati zake zilipakwa zinki, lakini ajali na rangi mbovu huiondoa. Angalia chini ya betri, kuzunguka kioo cha mbele, na sehemu ya chini ya nguzo ambako mlango unajifungia. Pitisha sumaku, pasiposhika, pana puti.

Hatua ya 5: Amua

Modeli za 1987 hadi 1989 huuzwa ghali zaidi kwa ajili ya G50. Zikiwa mbili zenye hali sawa, nami nataka kuliendesha kila siku, nachukua yenye G50. Ila 1985 yenye faili la risiti, bodi isiyo na kutu na 915 inayoshuka mbili bila kelele, mimi naichukua mbele ya 1988 isiyo na karatasi hata moja. Fedha inayobaki naiweka kwa ajili ya bushi, oili na matairi mapya.