Somo: Wikendi ya machipuko Vienna, bila haraka

Tangu nilipotaja kwamba huenda Vienna, mji mkuu wa Austria, kila mwisho wa Aprili, maswali hayaishi. Haya, somo ndilo hili. Makasri na makumbusho mtaelekezwa na wengine. Mimi nafundisha kukaa, maana mji ule kikombe kimoja kinatosha kukupa meza asubuhi nzima, na anayegida kahawa akakimbia ametupa pesa yake.

Hatua ya 1: Wakati. Nenda mwisho wa Aprili au nusu ya kwanza ya Mei. Michesnati ya bustani ya Prater inakuwa imejaa maua meupe, na mikahawa imeshatoa meza kando ya njia. Sehemu hiyo ya nje wanaiita Schanigarten. Jua lisikudanganye: ikifika saa moja jioni utatafuta koti.

Hatua ya 2: Jumamosi asubuhi, mkahawa mmoja tu. Café Central, iliyofunguliwa 1876, ina dari ya kustaajabisha, lakini foleni yake huanzia barabarani, na mtu hawezi kustarehe huku wengine wanamtazama kupitia kioo. Mimi huenda Café Sperl, Gumpendorfer Straße. Ipo tangu 1880, ina meza za biliadi na viti vya mahameli vilivyochujuka kwa makalio ya vizazi. Ingia, salimia, tafuta meza mwenyewe.

Usiseme unataka "kahawa" basi, ni kama kuingia duka la vitambaa ukasema unataka kitambaa. Melange ni kahawa na maziwa ya moto yenye povu. Kleiner Brauner ni kikombe kidogo cha kahawa kali, maziwa pembeni. Einspänner huja kwenye bilauri, juu imefunikwa krimu nzito. Jina lake ni la gari la kukokotwa na farasi mmoja, na husimuliwa kwamba waendesha magari hayo waliipenda kwa sababu krimu hutunza joto.

Hatua ya 3: Kukaa. Hapa ndipo penye somo. Kahawa italetwa kwenye sinia dogo la rangi ya fedha, pamoja na bilauri ya maji, na juu ya bilauri kijiko kimelazwa kifudifudi. Maji ni ya bomba, na msicheke: tangu 1873 mji huu unavuta maji ya chemchemi kutoka milimani, na ni matamu. Chukua gazeti, yamefungwa kwenye fimbo za mbao, yametundikwa. Hata kama Kijerumani hujui, tazama picha.

Bili haiji mpaka uiombe. Mara yangu ya kwanza, katika mkahawa ambao sitautaja, nilimaliza kikombe nikasubiri bili kama mtu aliye kliniki. Dakika arobaini! Nikanuna, nikaona nimebaguliwa, treni ikaniacha. Kumbe mhudumu alikuwa ananiheshimu. Kuleta bili bila kuitwa ni kama kumwambia mgeni aondoke. Sema "Zahlen, bitte", atakuja.

Hatua ya 4: Jumamosi mchana hadi usiku. Pita sokoni Naschmarkt, ni karibu kwa miguu. Nunua mkate, jibini na matunda, kwa sababu Jumapili karibu maduka yote yamefungwa. Jioni teremka Donaukanal, ukingo wa mfereji uliojaa michoro ya ukutani. Kuna baa za wazi, lakini nusu ya watu wamekuja na chupa zao na wamekaa ukutani wakining'iniza miguu.

Ukipenda baa ya ndani, ipo Loos American Bar, iliyosanifiwa na Adolf Loos mwaka 1908. Ni ndogo kama jiko la nyumba ya kupanga, ila vioo vya juu vinaufanya ukumbi uonekane unaendelea. Kunywa kimoja, toka, uwapishe wengine. Malizia Café Hawelka, ambako kuanzia saa mbili usiku hutoka Buchteln: mikate laini ya kuoka yenye jemu ya plamu ndani. Subiri zipoe kidogo. Jemu huunguza ulimi.

Hatua ya 5: Jumapili, shambani. Panda tramu namba 31 kutoka Schottenring mpaka mwisho wa njia, Stammersdorf. Huko kuna Heuriger, vilabu vya wakulima wanaouza mvinyo wao wenyewe. Ruhusa hiyo ilitolewa na Kaisari Joseph II mwaka 1784. Ukiona tawi bichi limetundikwa mlangoni, pamefunguliwa. Chakula unajichagulia kwenye kaunta, kinywaji unaletewa mezani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi tusiokunywa pombe, huko Heuriger tutafanya nini?*
Marahaba. Agiza Traubensaft, maji ya zabibu, mara nyingi ya shamba hilohilo. Kwenye chakula uwe macho, nguruwe ni mwingi. Liptauer, jibini laini yenye paprika, ipake kwenye mkate. Uliza kwanza hata hivyo.

*Dada, bakshishi ni kiasi gani?*
Kama asilimia 10. Usiiache mezani. Bili ikiwa euro 9.20, mpe noti na useme "zehn". Atakata 10 na kukurudishia chenji.

*Usiku tunarudije hotelini?*
Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili treni za chini ya ardhi hazilali. Siku nyingine kuna mabasi ya usiku.

*Nikienda peke yangu sitaonekana mpweke?*
Hapana, nusu ya meza zina mtu mmoja mmoja.

*Mimi wa Mombasa nauliza: kahawa yao inafikia yetu ya kijiweni?*
Kwa ukali, haifiki. Kahawa ya dele, kikombe kisicho na mkono, tangawizi na kipande cha kashata, hiyo hawana. Kukaa ndiko tunakofanana. Ila kule unaweza kunyamaza kwa muda wa saa tatu na mtu asikuguse. Kijiweni ukinyamaza dakika kumi unaulizwa kama unaumwa.