Namna ya kuchora treni za mji usiokuwepo

Mji wangu unaitwa Mitondooni. Uko pwani, una bandari na watu milioni mbili na nusu, na haumo katika ramani yoyote isipokuwa ile iliyobandikwa ukutani mwa darasa ninalofundishia jiografia hapa Dar es Salaam. Una njia nne za treni za mjini: Njia ya Mkonge, Njia ya Hori, Njia ya Kilimani na Njia ya Uwanja. Wanafunzi wangu wamezitungia hadithi na wamebishana juu ya nauli zake hadi kengele ikalia.

Watu huniuliza waanzeje mji wao, mwingine kwa ajili ya riwaya, mwingine katuni, mwingine mchezo wa kompyuta. Karibu wote huja na karatasi yenye mistari mizuri ya rangi, imenyooka na kukatana vizuri, ila chini ya mistari hamna kitu. Ninachowaambia ni kwamba treni huufuata mji. Ukishajua nani anakwenda wapi na saa ngapi, njia utaziona zenyewe.

Ardhi na maji

Chukua karatasi ya grafu, weka skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 1, na kalamu za rangi ziweke mbali. Kwa penseli chora pwani, mto, mabonde na kontua za vilima, yaani mistari inayoonyesha kimo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halipendi mlima: mpando wa mita 4 kwa kila mita 100 tayari ni mkali kwa treni nyingi za mjini. Kilima chako kikiwa kikali zaidi ya hapo, njia itazunguka, itatoboa, au itaishia chini na watu wapande kwa miguu. Yote matatu yanafaa hadithi, lakini lazima uchague moja.

Uliza pia chini kuna nini. London ina njia nyingi za chini ya ardhi kaskazini ya mto Thames kuliko kusini, na mojawapo ya sababu ni udongo wa mfinyanzi wa upande wa kaskazini, unaochimbika vizuri. Saint Petersburg imejengwa penye majimaji ya mto Neva, ndiyo maana vituo vyake vingi viko chini sana na abiria husimama muda mrefu kwenye ngazi za umeme. Mexico City, ambayo treni zake zilianza mwaka 1969, imekaa juu ya ziwa lililokaushwa, na wachimbaji wa kituo cha Pino Suárez walikuta hekalu dogo la Waazteki. Halikuvunjwa, hadi leo abiria wanapita kando yake wakibadilisha treni. Ukiweka kitu kama hicho katika mji wako, kiwe na sababu yake ardhini.

Kisha maji ya mvua. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa hili. Mto Msimbazi ukifurika masika, Jangwani hapapitiki, na mabasi ya mwendokasi hukwama kati ya Magomeni Mapipa na Fire. Karakana ya mabasi nayo iliwekwa mle mle bondeni. Kwa hiyo pakia bluu hafifu mahali pote ambapo maji yatafika mwaka wa mvua kubwa. Karakana isiwe hapo. Ikibidi njia ivuke, chora daraja refu, na ujue kwamba kila mita ya daraja hilo mtu fulani serikalini aliitetea kikaoni.

Kila njia ina mwaka wake

Hakuna mji uliopata njia zake zote kwa mpigo. Njia ya kwanza ya London ilifunguliwa mwaka 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, kwa sababu treni za kutoka mikoani ziliishia pembeni mwa jiji na abiria walihitaji kufika katikati. Ilivutwa na injini za mvuke, moshi ukijaa chini ya ardhi. Njia ya umeme ya kina kirefu ilikuja mwaka 1890. Paris ilifungua njia yake ya kwanza mwaka 1900, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Hapa kwetu, treni ya abiria wa mjini iliyoanza mwaka 2012, ambayo watu waliipa jina la Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, ilitumia reli ya kati iliyokuwepo tangu ukoloni.

Kwa hiyo kila njia yako iandikie mstari mmoja: mwaka, nani aliitaka, na kabla yake palikuwa na nini. Njia yetu ya Mkonge inapinda mara tatu bila sababu inayoonekana leo. Inapinda kwa sababu ilikuwa reli ya shamba la mkonge, nayo ilizunguka ghala, kisima na nyumba ya meneja. Ghala limekuwa soko, kisima kimefukiwa, kona zimebaki. Msomaji akiiona kona ile anaamini kwamba mji umeishi. Njia ya Uwanja, iliyo changa kuliko zote, imenyooka, kwa kuwa ilijengwa kwa mkopo mmoja na watu waliohamishwa walilipwa fidia kwa mpigo. Nayo ina hadithi yake, ya waliohamishwa.

Saa kumi na mbili asubuhi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ukae kwa muda mrefu kuliko popote.

Chora vishale. Watu wanalala wapi, na saa kumi na mbili asubuhi wanaelekea wapi? Usiseme tu "katikati ya mji". Chagua watu kumi na uwape kazi. Nesi anayetoka zamu ya usiku anakwenda kinyume na wenzake wote, treni yake ni tupu na anasinzia. Mwanamke anayeuza samaki amefika ferini alfajiri, amenunua, sasa anarudi na ndoo mbili. Je, mji wako unamruhusu kupanda na ndoo? Swali hili wanafunzi hulicheka mwanzoni, halafu linawatoa jasho. Kama haruhusiwi, atabaki na daladala na bodaboda, na treni yako ni ya watu wa ofisini tu. Kama anaruhusiwa, behewa gani, na nani anasafisha? Cairo, ambayo treni zake za chini ya ardhi zilianza mwaka 1987, zikiwa za kwanza Afrika, imetenga mabehewa ya wanawake. Mtu aliamua hivyo kwa kumfikiria abiria fulani. Na wewe mfikirie wako.

Kisha fikiria anayekaa katikati ya njia. Kila aliyepanda daladala la Mbagala au Gongo la Mboto asubuhi anajua kugeuza: gari linafika limejaa tangu mwisho wa njia, kwa hiyo unapanda linaloelekea ulikotoka, unalipa nauli ya ziada, unafika nalo kituo cha mwisho, linageuza, na sasa una siti. Abiria anasafiri kinyume ili asafiri. Ukitaka mfumo wako uonekane wa kweli, tafuta wapi watu watageuza. Hesabu abiria kituo kwa kituo kutoka mwisho wa njia. Utaona mahali treni inapojaa, na vituo vyote vinavyofuata ni vya mateso. Dawa ni kuwa na treni zinazoanzia hapo katikati, tupu. Zinahitaji reli ya kugeuzia, na reli hiyo inahitaji nafasi, kwa hiyo rudi kwenye ramani uitafute. Sisi tuliipata Mwembe Radi, nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme njia ina kilomita 18. Ipime kwa uzi, usipime kwa rula, maana njia inapinda. Treni ya mjini, ukijumlisha kusimama vituoni, huenda kama kilomita 30 kwa saa, basi safari ni dakika 36. Kwenda na kurudi 72, na kila mwisho mpe dereva dakika 4 za kugeuza: jumla 80. Ukitaka treni kila baada ya dakika 4, gawanya 80 kwa 4. Unahitaji treni 20, na mbili tatu zaidi karakanani, kwa kuwa vyombo huharibika. Kila treni ikibeba watu 800, kwa saa moja zinapita treni 15, yaani watu 12,000 kwa upande mmoja. Sasa linganisha na vishale vyako. Kama mtaa mmoja, tuseme Ng'ambo yetu ya Mitondooni, wanatoka watu 30,000 kwa saa, tayari una mgogoro, na mwandishi anahitaji nini zaidi?

Umbali wa kituo hadi kituo nao ni uamuzi kuhusu watu. Paris waliweka vituo kila takribani nusu kilomita, kwa hiyo treni husimama sana lakini hakuna anayetembea mbali. Moscow vituo vyake kwa wastani vinaachana zaidi ya kilomita moja na nusu, treni inakimbia, na wa katikati anatafuta basi. Mimi napenda vituo vya karibu mjini na vya mbali pembezoni, maana anayetoka mbali ndiye aliyeamka mapema.

Na treni ya mwisho ni saa ngapi? New York hupitisha treni usiku kucha, na inawezekana kwa sehemu kwa sababu njia zake nyingi zina reli nne: mbili zikifanyiwa matengenezo, mbili zinabeba watu. Ukiwa na reli mbili tu, lazima ufunge saa kadhaa, na nesi wetu arudi kwa namna nyingine.

Zinapokutana

Pale njia mbili zinapokatana, amua kama ni kituo kimoja au viwili vilivyounganishwa kwa ujia. Ujia mrefu wenye wauza njugu ni bora kwa hadithi kuliko ukumbi. Epuka kuzipitisha njia mbili juu ya reli zile zile kama huna sababu. Addis Ababa, ambako treni za mjini zilianza mwaka 2015, njia zake mbili zinashiriki kipande cha katikati. Gharama inapungua, lakini njia moja ikichelewa inaichelewesha nyingine. Kuhusu njia ya duara: Moscow inayo, imechorwa kwa rangi ya kahawia, nayo inazikata njia nyingine zinazotoka katikati. Mji wa pwani mara nyingi haifai, maana nusu ya duara itaangukia baharini. Wa pwani avuke maji, kama Lagos ambako Njia ya Bluu, inayobeba abiria tangu 2023, huvuka maji kuingia Marina.

Majina ya vituo

Usiite vituo "Kati", "Kaskazini" na "Uhuru" kisha ukaridhika. Panda gari lolote la Dar es Salaam usikilize konda: Tip Top, Argentina, Bucha, Tabata Dampo, Mbagala Rangi Tatu, Tegeta kwa Ndevu. Watu hupaita mahali kwa kilichokuwepo, au kwa aliyekuwa na duka hapo, na jina hubaki duka likishaondoka. Kwa kila kituo andika majina mawili, la ofisini na la konda. Yakitofautiana, wahusika wako watumie la konda. Mgeni tu ndiye atakayesoma ubao.

Wakumbuke wasiosoma. Mexico City kila kituo kina picha yake, mnyama au mnara au chombo, na mtoto anaweza kuambiwa ashuke penye panzi. Panzi huyo ni Chapultepec. Tokyo kila kituo kina herufi na namba, na mgeni asiyejua kusoma Kijapani hapotei. Nairobi watu wamezoea namba za matatu kiasi kwamba 46 tu inatosha kukufikisha Kawangware.

Ramani ya abiria huja mwisho

Sasa toa kalamu za rangi. Harry Beck aliichora ramani ya treni za London mwaka 1931, ikachapishwa 1933. Aliacha umbali halisi, akanyoosha mistari iwe ya mlalo, ya wima na ya nyuzi 45, kwa kuwa abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua abadilishe wapi tu. Fanya kama yeye, lakini ramani yako ya penseli usiitupe. Kalamu moja kwa njia moja, na rangi mbili zinazofanana zisikutane kituo kimoja. Andika majina yote ya vituo kwa mlalo. Nairobi wanafunzi na watafiti walizunguka na simu wakirekodi njia za matatu, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya namna hii kwa magari ambayo hakuna ofisi iliyoyapanga. Itafute uone jinsi mistari mingi inavyoweza kusomeka.

Ukimaliza, mpe mtu asiyeujua mji wako. Mwambie, kama ni Mitondooni, akae Mkongeni, kazi yake iko bandarini, mtoto anasoma Kilimani. Akueleze atapita wapi, atatumia muda gani na atalipa nauli ngapi kwa mwezi. Akisitasita, tatizo liko kwenye ramani, rekebisha. Akijibu, funga daraja la Mto Songa kwa siku moja ya masika na umuulize tena. Majibu yake andika nyuma ya karatasi, pamoja na kituo alichokasirikia. Cha kwetu kilikuwa Ng'ambo Mwisho, na mwaka huu darasa linakichorea jukwaa la pili.