SOMO: Dar hadi Guangzhou, kilomita ngapi na saa ngapi

Wanaofuata mzigo China kutoka hapa Tanga wana swali moja, na nimechoka kulijibu inboksi. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tanga hadi uwanja wa Dar: basi, kupitia Segera na Chalinze. Foleni ya kuingia mjini ihesabu.

2. Umbali: moja kwa moja ni kama kilomita 8,700. Ukipitia Dubai, kama 9,800.

3. Hewani: ndege kubwa hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Gawanya, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ya moja kwa moja, saa 10 na nusu hivi. Kusubiri Dubai ni hesabu nyingine.

4. Saa ya tiketi. Hapa ndipo watu wanapolia. Kuondoka huandikwa kwa saa za Dar, kufika kwa saa za Guangzhou, walio mbele yetu kwa saa 5. Ukiona 20:00 hadi 11:30 ya kesho yake, usiseme safari ni saa 15 na nusu. Toa hizo 5 kwanza. Halafu tarehe! 02:00 ya tarehe 12 si saa mbili. Ni saa nane usiku wa KUAMKIA tarehe 12, kwa hiyo uwanjani unaingia tarehe 11, saa tano usiku. Ukija tarehe 12 jioni na mabegi yako, wenzako wako hotelini Guangzhou.

MASWALI

Mtoto wa Ngamiani: Kwa hiyo ni masaa mangapi?
— Hatua ya 3.

Mtoto wa Ngamiani: Jibu tu kaka, mbona mkali?
— Sina ukali. Nimeandika ili isomwe.

Binti Raskazone: Shikamoo. Mbona kurudi huchukua muda zaidi na njia ni ileile?
— Marahaba dada, umeuliza la maana. Huko juu kuna upepo mkali uendao mashariki, hasa miezi ya baridi kule kaskazini. Kwenda unakusukuma, kurudi unaupiga kifua.

Makorora: Nikisafiri mchana nimefunga, nifuturu kwa saa za wapi?
— Hukumu yake muulize shekhe. Kuhusu jua: ukienda mashariki unalipa kisogo, linazama mapema kuliko Tanga. Ukirudi mnakwenda nalo, mchana unarefuka. Na ukiwa juu bado unaliona wakati walio chini yako wameshaingia magharibi.

Chumbageni: Pawabenki niweke begi kubwa?
— Hapana, ya mkononi. Begi kubwa litafunguliwa.

Mzee wa Mabawa: Yangu imeandikwa 00:40 tarehe 5. Nimekata basi la alfajiri tarehe 5.
— Mzee wangu, shikamoo. Kabadilishe tiketi ya basi leo hii. Panda la alfajiri tarehe 4.