Namna ya kuongoza somo la haki jumuiyani msimu wa korosho

Usianze na Biblia. Najua mtanishangaa, katekista kusema hivyo, lakini miaka yangu ya kuongoza jumuiya hapa Masasi imenionyesha: ukifungua Amosi kwanza, watu wanakaa kiibada. Wanaitikia amina, wanakwenda zao.

Anza na bakuli. Oktoba, korosho zikishaanza kudondoka, azima bakuli la kangomba, lile analotembea nalo mnunuzi wa vichochoroni akikwambia "kilo hii". Azima na mizani ya dukani. Mpe mama mmoja alijaze mbele ya watu, alishindilie, aweke na kichuguu juu kama anavyodaiwa siku zote, halafu mpime. Letu lilitoa kilo moja na robo na ushee. Bibi mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole mabakuli aliyouza mwaka ule, akaishia njiani. Nawe nyamaza. Usimkimbilie na pole.

Sasa fungua Amosi 8, mstari wa 4 hadi wa 6. Asome mtu asiye na cheo. Wakikwama kwenye "efa", waambie ni kipimo tu, kama bakuli hilo.

Kazi yenyewe inaanzia hapa, maana kumsema mnunuzi hakuna asiyeweza. Uliza: kibarua aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji unampa shilingi ngapi kwa debe, na wa hapa kijijini ngapi? Kwetu zilizuka kelele. Mzee mmoja akasema, "Lakini yule si Mmawia tu?", jina la dharau kwa Mmakonde wa Msumbiji. Na mimi msimu uliotangulia nilikuwa nimempunja wa kwangu, kwa hiyo ilibidi niseme. Nilisema kwa kigugumizi, macho chini. Kiongozi asipotangulia kusema la kwake, wengine watabaki kwa mnunuzi mpaka jioni.

Kelele zikitulia, wakumbushe Masasi imetoka wapi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alikuja na watu waliokombolewa utumwani, akitokea Unguja. Kanisa letu limeanza na hao, ambao kuna mtu aliwahi kuwaita "watumwa tu". Na Trevor Huddleston, askofu wa hapa 1960 hadi 1968, alikuja akiwa ameshapambana na ubaguzi wa rangi kule Sophiatown, Johannesburg. Desmond Tutu alikuwa akisimulia kwamba utotoni alimwona padri huyo Mzungu akimvulia kofia mama yake, mfanyakazi wa ndani. Waachie hiyo kofia waizungumze wenyewe.

Tokeni na jambo moja la kufanya wiki hiyohiyo. Sisi tuliandika kwenye daftari: debe ni bei moja, awe ametoka ng'ambo au hapa. Mizani ya ghalani waende wawili kuikagua kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mmoja wao awe mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, la sivyo watarudishwa getini.

Bakuli mrudishieni mwenyewe. Letu hakulifuata, mke wangu analiwekea kuku maji.